Neti Yenu Ina Matundu Mangapi?

*Kitanda mmekichagua pamoja, shuka mmezichagua pamoja, hata rangi ya pazia mliijadili wiki nzima. Lakini kile kinachowafunika usiku kucha kimechanika upande wa miguuni, na kila mmoja anamsubiri mwenzake akishone. Mwezi huu tunaingia chumbani kwenu na sindano.*

Kama wewe ni kijana wa Dar mwenye kazi yako na mwenza wako, basi lazima una rafiki aliyehamia Bunju. Kama si Bunju ni Mapinga, na kama si Mapinga ni Kerege. Viwanja vya Mikocheni si vya mishahara yetu, kwa hiyo wengi tunaifuata Barabara ya Bagamoyo kwenda kaskazini, tunanunua kipande cha ardhi, tunapandisha tofali taratibu, na siku moja tunahamia huku madirisha mawili bado hayana wavu na dari haijapigwa. "Tutamalizia tukiwa ndani." Nani hajawahi kuisikia kauli hiyo?

Mimi sina ubishi nayo. Wapo wanandoa wengi waliojuana vizuri zaidi ndani ya nyumba isiyo na dari kuliko walivyojuana wakati wa uchumba. Tatizo ni kwamba kuna mpangaji asiyelipa kodi ambaye naye anahamia siku hiyohiyo. Huyo ni mbu. Na mlinzi pekee mliyenaye dhidi yake kwa miezi hiyo ya mwanzo ni chandarua, yaani neti, ambayo mara nyingi ni ileile mmoja wenu aliyotoka nayo getoni.

Niwaulize basi: ina matundu mangapi?

Mbu wa huku kwetu

Ukanda huu ni mtamu. Una upepo wa bahari, minazi, samaki wabichi, na mji mkongwe wa Bagamoyo upo mlangoni kwa ajili ya wikiendi. Lakini mbu nao wanaupenda. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, na bondeni kwake kuna madimbwi na majaruba ya mpunga. Anofelesi, yule anayeeneza malaria, anapenda maji ya aina hiyo, yaliyotulia na yanayopigwa jua. Usidhani chumvi itakuokoa. Yupo ndugu yake mmoja, *Anopheles merus*, ambaye anazaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya huku pwani.

Halafu yupo kuleksi, yule anayeimba sikioni. Yeye makazi yake ni maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro. Watu wanamdharau kwa sababu haambukizi malaria, lakini ni mmoja wa wanaoeneza minyoo inayoleta matende na mabusha katika pwani yetu. Kina kaka, nadhani hapo tumeelewana.

Wote hao kazi yao kubwa ni ya usiku, wakati mmelala. Ndiyo maana kitambaa hiki chepesi kimefanya maajabu kuliko dawa nyingi. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la *Nature* mwaka 2015 ulikadiria kwamba juhudi za kupambana na malaria zilizuia wagonjwa milioni 663 barani Afrika kati ya mwaka 2000 na 2015, na asilimia 68 ya kazi hiyo ilifanywa na vyandarua vyenye dawa. Hapa Tanzania Bara, watoto wa chini ya miaka 5 waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa kama asilimia 18 katika uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008. Mwaka 2022 walikuwa kama asilimia 8. Tumepiga hatua, lakini hatujamaliza.

Bagamoyo inazijua neti

Mnapopita Bagamoyo mkitafuta magofu ya Kaole na pweza wa kukaanga, kumbukeni kwamba mko kwenye moja ya maeneo yaliyoifundisha dunia habari za vyandarua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walifanya kazi katika vijiji vya wilaya hiyo. Wanakijiji waliunda kamati, kamati zikauza neti, na watu wakakusanyika kuzichovya kwenye dawa. Kama ulikulia miaka ya 2000, huenda unakumbuka pakiti za Ngao za kuchovyea nyumbani. Siku hizi dawa huwekwa kiwandani na neti haichovywi tena.

Watafiti wale waligundua pia mambo ambayo bado tunayaona. Wazazi wengi waliamini degedege haihusiani na malaria, kwa hiyo mtoto alipelekwa kwa mganga kwanza. Na watu waliihusisha malaria na msimu wa mvua, mbu wanapokuwa kero. Kiangazi hatari ilionekana imekwisha, ingawa maambukizi yalikuwa bado yanaendelea. Cheka ukipenda, lakini ni wangapi kati yetu tunaofunga neti juu mwezi wa Julai na kusema, "Siku hizi hakuna mbu, tuna feni"?

Hadi leo Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi lake Bagamoyo, ambako vyandarua vinapimwa na ambako chanjo za malaria zilifanyiwa majaribio, ile ya RTS,S na baadaye ya R21.

Dole gumba, ngumi, kichwa

Sasa tuingie chumbani. Wataalamu wanaopima neti hawahesabu matundu tu, wanaangalia ukubwa wake, na kipimo chao ni mwili wako mwenyewe. Tundu linalopitisha dole gumba ni dogo. Linalopitisha ngumi ni la kati. Linalopitisha kichwa ni kubwa. Likizidi hapo, hilo si tundu tena, ni mlango.

Kila ukubwa una alama zake, kwa sababu mbu hupita kulingana na eneo lililo wazi. Tundu la dole gumba lina alama 1. Tundu la ngumi lina alama 23. Tundu la kichwa lina alama 196! Rudia kusoma hapo. Tundu moja la kichwa ni sawa na matundu 196 ya dole gumba. Neti yenye alama 64 kushuka chini inahesabiwa nzima. Ikipita 642 inahesabiwa imekufa, na matundu manne tu ya kichwa yanatosha kuifikisha huko.

Nimeandika hesabu hizi kwa sababu moja. Tundu la kichwa halizaliwi likiwa la kichwa. Linaanza likiwa la dole gumba, mguu unaingia usiku mtu akijigeuza, linakuwa la ngumi, mtoto anachungulia humo akicheza, na mwezi ukiisha hadithi imebadilika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: usipoziba dole gumba, utanunua neti.

Neti ya kisasa inatakiwa kustahimili mifuo 20 na miaka 3 ya matumizi. Lakini utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020, uliofuatilia aina tatu za neti kwenye nyumba za watu kwa miaka 3, ulionyesha kwamba kwa kila aina zaidi ya nusu zilikuwa hazifai tena kabla ya mwaka wa tatu kuisha. Mpango wa kitaifa unaweza kukupa neti kliniki. Kuifikisha mwaka wa tatu ni kazi ya wenye chumba.

Somo kutoka ufukweni

Nendeni soko la samaki la Bagamoyo asubuhi, boti zikiwa zimerudi. Mtawaona wavuvi wameketi kivulini, nyavu zimetandazwa mapajani, sindano zinakwenda. Nilimsalimia mzee mmoja, "Shikamoo baba," akanijibu marahaba bila kuinua macho kwenye kazi yake. Nikamuuliza kama anashona kila siku.

"Mwanangu," akasema, "wavu hauna kesho. Tundu la leo ukiliacha, kesho samaki anapita na mwenzake."

Nikamuuliza na chandarua cha nyumbani kwake je? Hapo akacheka, na vijana waliokaa pembeni wakacheka zaidi. "Hicho muulize mama yao."

Sikumlaumu, maana jibu lile lipo kwenye nyumba nyingi, ziwe za wavuvi au za wenye digrii. Mwanamume anayeweza kubadilisha plagi za gari anashindwa kushika sindano kwa sababu "hiyo kazi ya kike". Lakini wanaume wale ufukweni walikuwa wanashona tangu alfajiri, na hakuna aliyewauliza kuhusu uanaume wao.

Matundu yanatoka wapi?

Kabla ya kushona, mjue adui. Mara nyingi si mbu wala panya, ni kitanda chenyewe. Neti inaharibika zaidi sehemu ya chini, ile mnayochomeka chini ya godoro kila usiku. Inanasa kwenye kichwa cha msumari, kwenye chaga iliyochongwa vibaya, kwenye kona ya kitanda cha chuma. Pitisheni mkono kuzunguka kitanda chote. Mahali panapokwaruza ngozi ndipo panapochana neti. Piga msasa, gongomea msumari, au funga kitambaa.

Anayefuata ni panya, hasa kama mnakula kitandani mkiangalia muvi. Makombo ya karanga kwenye shuka ni mwaliko. Halafu moto. Umeme ukikatika, mshumaa na kibatari vikae mbali kabisa na neti, maana moto kwenye neti unaweza kuwa msiba wa nyumba nzima.

La mwisho ni mazoea ya asubuhi. Neti inayoachwa inaning'inia mchana inapitiwa na mtoto, paka na mkoba wa kazini. Ikunjeni au ifungeni fundo juu mnapoamka, kila siku.

Namna ya kuitengeneza

Huhitaji cherehani. Unahitaji sindano nyembamba, uzi imara, mkasi, na dakika 20 za mchana zenye mwanga mzuri.

*Tundu la dole gumba.* Shona kwa kukusanya kingo zake na kuzivuta pamoja, mishono midogomidogo, kisha kaza fundo. Kama huna sindano wakati huo, kusanya kitambaa kuzunguka tundu na ulifunge kwa uzi kama mdomo wa mfuko. Halipendezi, ila mbu hapiti.

*Mchaniko mrefu.* Usianzie pale mchaniko unapoanzia. Anza sentimita moja au mbili kabla yake, kwenye kitambaa kizima, na umalizie sentimita moja au mbili baada yake. Ukianzia kwenye ncha yenyewe, utaendelea kuchanika.

*Tundu la ngumi au la kichwa.* Hapa panahitaji kiraka. Kata kutoka kwenye neti ya zamani, kipande kikubwa kuliko tundu kwa vidole viwili kila upande. Shona kingo za kiraka zote kuzunguka, halafu shona na ukingo wa tundu lenyewe kwa ndani ili usiendelee kufumuka. Kiraka kitoke kwenye neti yenye dawa kama ipo.

*Pindo la chini.* Kama limelegea au limepungua hata halichomekeki, mpelekee fundi cherehani wa mtaani aongeze ukanda wa pamba nzito kuzunguka chini. Ukanda huo ndio utakaokwaruzana na kitanda, neti ipone.

Na jamani, msiitupe neti yenye dawa kwa sababu ina matundu machache. Mbu akitua akitafuta pa kupita, anagusa dawa. Neti yenye dawa iliyochanika kidogo bado inafanya kazi. Isiyo na dawa na yenye matundu ni pazia tu.

Kufua bila kuua dawa

Wanaopenda usafi kupita kiasi, mnisamehe. Neti yenye dawa haifuliwi kila wiki. Kila baada ya miezi mitatu inatosha. Mifuo 20 ndiyo bajeti yake, ukiimaliza mwaka wa kwanza umejiibia mwenyewe.

Tumia maji ya baridi na sabuni ya mche. Jiki usiiguse, na sabuni kali za unga ziache kwa mashati. Suuza taratibu kwenye beseni, usisugue kwenye jiwe, usikamue kwa nguvu. Anika kivulini. Jua letu la pwani linapendwa na watalii, lakini linaiunguza dawa iliyomo kwenye nyuzi. Maji uliyofulia yamwage chooni au kwenye shimo mbali na kisima, kamwe yasiende mtoni wala baharini, kwa sababu dawa hiyo inaua samaki.

Neti mpya nayo ina adabu yake. Itoe kwenye mfuko, itundike kivulini saa 24, ndipo uilalie. Ule muwasho unaosikia usiku wa kwanza utapungua. Na kabla hujatundika, chukua kalamu ya wino usiofutika, andika tarehe kwenye lebo. Lebo hiyo usiikate, ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa nini hili ni suala la mapenzi

Rafiki yangu mmoja, ameniruhusu kusimulia ila si kumtaja, alihamia Mapinga na mumewe akiwa na mimba ya miezi minne. Neti yao ilikuwa na tundu la ngumi upande anaolala yeye. "Bebi, neti imechanika." "Nitashona wikiendi." Wikiendi ikaja na kitchen party, inayofuata ikaja na mafundi wa dari. Mwezi wa saba alilazwa na malaria kali na upungufu wa damu. Alipona, Mungu mkubwa, na mtoto wao sasa anakimbia. Lakini alizaliwa na kilo 2.1.

Hakuna daktari anayeweza kusema mbu yule alipita tundu lipi. Kinachojulikana ni kwamba malaria kwa mjamzito huleta upungufu wa damu, mimba kuharibika, na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Tena utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wajawazito huvuta mbu wa malaria mara mbili zaidi ya wasio na mimba. Ndiyo sababu kuanzia mwaka 2004 wajawazito walipewa Hati Punguzo kliniki ili wapate neti kwa bei nafuu, mpango uliodumu hadi 2014, na ndiyo sababu mjamzito bado hupewa neti kliniki.

Ninachokumbuka zaidi ni maneno yake baadaye. "Sikuumia kwa sababu hakushona. Niliumia kwa sababu nilimwambia mara nne." Kina kaka, mkeo akikwambia neti imechanika, hazungumzii neti peke yake. Anauliza kama usiku wake ni jukumu lako. Na kina dada, kama unajua kushona na sindano ipo, kuliacha tundu mwezi mzima ili kumpima mwenzako ni mtihani ambao mbu ndiye atakayefaulu.

Ushauri wangu ni kugawana kazi waziwazi. Anayelala wa mwisho anashusha na kuchomeka. Anayeamka wa mwisho anafunga. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mmoja anaingia ndani ya neti mchana, mwingine anabaki nje, mnaikagua kona kwa kona mkitafuta mwanga unaopita. Mtacheka, mtaongea, na pengine kazi itachelewa kwisha. Hayo hayanihusu.

Mkisafiri

Mkienda Saadani kuangalia tembo na bahari kwa siku moja, au mkilala gesti ya bei poa Bagamoyo, kagueni neti kabla ya kulipa. Nimeshalala mahali ambapo neti ilikuwa nyeupe pee, imefungwa utepe, na nyuma yake kuna tundu la kichwa. Wekeni sindano na uzi kwenye pochi ya vipodozi. Dakika tano, tatizo limekwisha.

Muiage lini?

Ikiwa viraka vimekuwa vingi kuliko neti, au matundu ya kichwa yamefika manne na kitambaa kinachanika ukikivuta kidogo, muda wake umekwisha. Endeleeni kuilalia hadi mpate nyingine, kwa sababu mbaya ni bora kuliko hakuna. Mkinunua mpya, ulizeni ina dawa gani. Mbu wengi wamezoea dawa za zamani, na majaribio ya Misungwi, Mwanza, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba neti zenye dawa mbili, ya kawaida na klorfenapiri, ziliwakinga watoto vizuri zaidi. Ile ya zamani kateni vipande vya viraka. Si ya kuvulia dagaa.

Tundu la dole gumba linamalizwa na uzi wa urefu wa mkono. Leo jioni, kabla hamjazima taa, simameni kila mmoja upande wake wa kitanda na muiangalie. Mkiliona tundu, msiulizane nani alichana. Ulizaneni sindano iko wapi.